Boksi la CD tisa za Bill Withers: lina thamani ya hela yako?

Hili boksi linaitwa The Complete Sussex & Columbia Albums (Sussex na Columbia ni kampuni zilizotoa rekodi zake), lilitoka 2012, na ndani kuna albamu zote nane za studio za Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani, plus ile ya laivu ya Carnegie Hall, ukumbi wa muziki New York. Hakuna zaidi ya hapo aisee, jamaa alitoa ya mwisho 1985 akaachana na biashara ya muziki, akaishi maisha yake mpaka alipofariki Machi 2020.

Weka Just As I Am ya 1971 kwanza. Na kabla hujaiplei angalia kava, kasimama kiwandani Burbank, California, kashika kiboksi cha msosi wa mchana, na wala haigizi, ndo alikuwa anafanya kazi pale pale, kutengeneza vyoo vya ndege, kazi hakutaka kuiacha hata baada ya kurekodi maana hakuuamini muziki kumlisha. Nyuma yake kuna miaka tisa ya jeshi la majini, na utoto wa Slab Fork, kijiji cha makaa ya mawe kule West Virginia, akiwa na kigugumizi mpaka miaka 28. Mimi naamini kabisa kigugumizi kile ndo kilimfundisha kutopoteza maneno. Sikiliza Grandma's Hands, dakika mbili tu, anakutajia mikono ya bibi inavyopiga tari kanisani na inavyomwokoa asichapwe, na bibi mzima unakuwa umeshamjua.

Ain't No Sunshine kila mtu anaijua, ila ilikuwa upande B wa singo, upande A ulikuwa Harlem, madj wa redio wakaigeuza wenyewe. Na kile kipande anachorudia maneno yale yale mara 26, alipanga kuweka mashairi mengine pale, wanamuziki studio wakamwambia acha hivyo hivyo. Walijua!

Still Bill ya 1972 ndo bora kuliko zote kwangu. Drams za James Gadson kwenye Use Me zinakaa nyuma kidogo ya biti halafu zinakuvuta taratibu mpaka shingo inacheza yenyewe, na Lean on Me ilishika namba moja Marekani mwaka huo huo, 1987 kundi la Club Nouveau wakairudia ikashika namba moja tena. Piano ya Lean on Me vidole vinapanda na kushuka tu, mtu anayejifunza anaipata ndani ya jioni moja.

Lakini moyo wa boksi hili ni Carnegie Hall, iliyorekodiwa Oktoba 1972. Anaongea na watu kama yuko sebuleni kwake, Use Me inaisha watu hawakubali inabidi ianze tena, halafu inakuja I Can't Write Left-Handed, askari aliyerudi Vietnam kapigwa risasi bega la kulia, anaomba mtu amwandikie barua kwa mama yake. Hakuna siasa wala hotuba, ni kijana anaomba kuandikiwa barua tu, na kila nikiisikiliza inaniumiza vile vile.

+'Justments ya 1974 watu wanaipita haraka na wanakosea, ni nzito na ya huzuni ila ni nzuri. Mwaka huo alikuja Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, lile la pambano la ngumi la Ali na Foreman, akakaa na gitaa lake akaimba Hope She'll Be Happier.

Kwenye albamu za upande wa Columbia kiwango kinashuka, nasema ukweli. Menagerie ya 1977 inasimama kwa sababu ya Lovely Day na ile noti ya mwisho anayoishikilia sekunde 18, ila ile ya 1985 vinanda vya umeme vimemfunika na sauti ya aina ile haitaki kufunikwa. Halafu wanaotafuta Just the Two of Us wajue haimo kwenye albamu yake yoyote ya studio, ilitoka 1980 kwenye Winelight ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr.

Makava ni ya karatasi ngumu yenye picha za zamani, mazuri ila maandishi ni madogo mno. Bei ikikushinda chukua Just As I Am, Still Bill na Carnegie Hall, zinauzwa moja moja pia.