Iowa Hawkeyes: ulinzi unalipa, mashambulizi yanadaiwa

Anayenunua tiketi ya Kinnick Stadium kule Iowa City, uwanja wa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, ananunua vitu viwili kwa bei moja. Ulinzi wa kocha Phil Parker, aliyetwaa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora wa futiboli ya vyuo Marekani mwaka 2023, unarudisha kila senti. Mashambulizi ya msimu huohuo ni hasara tupu: yadi 234.6 kwa mechi, za mwisho kabisa katika daraja la juu, na wastani wa pointi 15.4.

Lawama nyingi zilimwangukia Deacon Hill, kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi. Takwimu zake zinauma kweli: pasi 5 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6), pasi 8 zilizonaswa na wapinzani, na zaidi ya nusu ya pasi alizorusha hazikufika. Lakini tazama alivyokuwa akiwekwa. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Jaribio la kwanza Iowa inampa mkimbiaji mpira, anapita katikati, yadi mbili. La pili, katikati tena, yadi moja. Jaribio la tatu bado yadi saba, uwanja mzima unajua pasi inakuja, na wapinzani wameshajipanga kuisubiri. Hapo sasa ndipo kijana anatakiwa aokoe jahazi.

Na miguu yake ilimwangusha. Kwotabeki akirudi hatua tano, mpira unatakiwa utoke mara mguu wa nyuma unapotua. Hill alikuwa anasita, anachezacheza palepale, mpokeaji keshapita, pasi inamfuata mgongoni. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa mazoezini, na kocha wa makwotabeki alikuwa Brian Ferentz, huyohuyo aliyekuwa akipanga mashambulizi yote. Kazi mbili kubwa kwa mtu mmoja, na zote mbili zililala.

Tuwe wakweli, majeruhi yalichangia. Cade McNamara aliumia goti dhidi ya Michigan State, na Luke Lachey na Erick All, wapokeaji wa karibu ambao mfumo mzima uliwategemea, nao wakatoka. Ila ugonjwa ulikuwepo kabla yao. Mwaka 2022 Iowa iliifunga South Dakota State 7-3 bila tachidauni hata moja: teke la pointi 3 na sefti mbili (ulinzi kumwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho, pointi 2 kila moja), yaani pointi 4 kati ya hizo 7 zililetwa na ulinzi.

Kinachokera zaidi ni uongozi. Badala ya kubadili kocha, Februari 2023 walimpunguzia Brian mshahara na kumwekea masharti: ushindi mara 7 na wastani wa pointi 25, huku hata pointi za ulinzi zikihesabiwa kwenye fungu lake! Baba yake, Kirk, ndiye kocha mkuu tangu 1999, lakini kwa kanuni za chuo kuhusu ndugu, mwana aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo. Oktoba 30 ikatangazwa kwamba msimu ukiisha Brian anaondoka.

Mechi ya 2023 dhidi ya Wisconsin inaonyesha yote. Iowa ilishinda 15-6. Hill alipata yadi 37 za pasi. Tory Taylor, mpiga mateke ya kuondoa mpira, alipiga mara 10 kwa yadi 506. Ushindi wa hivyo unakwama ukikutana na wakubwa: Iowa ilipigwa na Michigan 26-0, kisha na Tennessee 35-0.

Tim Lester alipokuja 2024 kupanga mashambulizi, wachezaji wakaanza kusogezwa kabla mpira haujatoka, ulinzi wa wapinzani ukavutika, na mkimbiaji Kaleb Johnson akakimbia yadi 1,537 na tachidauni 21. Wastani ukapanda hadi pointi 27.7. Pasi bado hazikupona. Makwotabeki watatu walipokezana.

Ukienda, chukua kiti cha juu nyuma ya goli. Huko ndiko unakoona njia za mkimbiaji zikifunguka. Usiondoke robo ya kwanza ikiisha, maana mashabiki wote hugeuka kuwapungia mkono watoto waliolazwa hospitali ya jirani. Ulinzi nyota 5. Mbio za Lester nyota 4. Pasi nyota 1, na ninaitoa kwa kinyongo.