Uzoefu wangu: Kununua postikadi za kale zenye michoro ya watoto kutoka Uingereza

Nakusanya postikadi za kale zenye michoro ya watoto, hasa zilizochapwa kati ya mwaka 1900 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tathmini hii inamhusu muuzaji mmoja mdogo wa Uingereza ambaye huziuza kwa mnada wa mtandaoni na kuzituma hadi kwenye sanduku langu la posta hapa Dar es Salaam. Nampendekeza bila kusita, na sababu kubwa ni kwamba kila kadi anayoiuza huipiga picha pande zote mbili.

Mtu asiyekusanya anaweza kudhani kwamba upande wa nyuma hauna maana, kwa kuwa mtoto amechorwa mbele. Hata hivyo, umri wa kadi husomeka nyuma. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja, vikitenganishwa kwa mstari wa katikati. Ujerumani iliruhusu mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kadi ambayo nyuma yake imeachiwa anwani peke yake, huku mwandishi akilazimika kubana maneno machache pembezoni mwa picha, kwa kawaida ni ya kabla ya miaka hiyo. Stempu nayo hutoa ushahidi wake. Kutuma kadi ndani ya Uingereza kuligharimu nusu peni hadi Juni 1918, gharama ilipopanda kuwa peni moja, na stempu ya kijani ya nusu peni yenye sura ya Mfalme Edward wa Saba humwonyesha mnunuzi mara moja kwamba anatazama kadi ya mwanzoni mwa karne iliyopita. Ikiwa muhuri wa posta unasomeka, hata siku yenyewe hujulikana. Ndiyo maana napenda kadi zilizoandikwa na kutumwa kuliko zile safi ambazo hazikuwahi kuguswa na wino, ingawa soko mara nyingi huzithamini hizo safi zaidi.

Katika furushi la karibuni nilipata kadi za wachoraji watatu. Mabel Lucie Attwell wa London, aliyezaliwa mwaka 1879, ndiye aliyewachora wale watoto wenye mashavu yaliyojaa na miguu minene. Kadi zake zilichapwa kwa wingi na kampuni ya Valentine ya Dundee, na kwa sababu hiyo bado zinapatikana kwa bei ambayo anayeanza anaweza kuimudu. Frances Brundage, Mmarekani aliyefanya kazi na kampuni ya uchapishaji ya Raphael Tuck & Sons, huwapa watoto wake macho makubwa na mavazi yenye rangi nzito. Lakini kadi zilizonifurahisha zaidi ni za Ellen Clapsaddle, Mmarekani mwenzake. Kadi zake nyingi zilichapwa Ujerumani, ambako mafundi wa litografia, yaani uchapaji kwa mawe, walipanga rangi moja juu ya nyingine kwa ustadi mkubwa, kisha karatasi ikagandamizwa ili shavu la mtoto au ukingo wa kofia yake uinuke kidogo na kuhisika kwa kidole. Vita vilipoanza mwaka 1914 biashara hiyo na Ujerumani ilivurugika, na ukizitazama kadi nyingi za Marekani zilizofuata utaona zilivyopoteza kina cha rangi. Kadi za Clapsaddle za Halloween, sikukuu ya mavazi ya kutisha na maboga, ndizo hutafutwa kuliko zote, hasa zile ambazo mkono wa mtoto ni kipande kinachosogea, ukiinua boga na kuuficha uso wake. Hizo bei yake imenishinda.

Nimewahi kununua kwa muuzaji mwingine, ambaye sitamtaja, aliyeonyesha upande wa mbele tu na kueleza kadi yake kuwa ya kale. Ilipofika, kioo cha kukuzia kilionyesha vinukta vidogo vilivyojipanga kwa safu zinazolingana, alama ya uchapaji wa kisasa, na chini ya taa ya urujuanimno karatasi iling'aa kwa weupe wa samawati, kama ambavyo karatasi ya enzi ile haifanyi. Alirudisha bei ya kadi, lakini gharama ya usafirishaji hakuirudisha.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi kwa wasomaji wetu. Watoto wanaopendezeshwa katika kadi hizi karibu wote ni weupe, na mtoto mweusi anapochorwa mara nyingi hufanywa kikaragosi cha kuchekwa, midomo ikiwa imekuzwa na nguo zimechanika. Mimi sizinunui kadi hizo, ingawa nawaelewa wanaozihifadhi kama ushahidi wa dharau iliyouzwa madukani kama zawadi. Muuzaji huyu huzieleza waziwazi na hazichanganyi kamwe katika mafurushi, na heshima hiyo naithamini kama ninavyothamini picha zake za nyuma.

Ufungaji wake ni mzuri sana: kila kadi huwekwa katika mfuko mwembamba wa plastiki ya polipropilini, kisha zote hubanwa kati ya kadibodi mbili ndani ya bahasha ngumu. Anaepuka mifuko ya plastiki ya aina ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino, na kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu tahadhari hiyo si ndogo. Kasoro yake ni kwamba hutumia neno "nzuri" kwa ukarimu mno, hata pale kona inapokuwa imekunjika, hivyo ni vyema kuikuza picha kabla ya kutoa dau. Gharama ya kutuma kadi moja kwa barua ya rejista inaweza kuzidi bei ya kadi yenyewe. Nilimwomba anihifadhie nilizoshinda hadi zifikie furushi moja, akakubali bila kuongeza malipo.