Jiko la kuni la nyumbani Mwanza: lipi la kununua, na dohani ifungwe vipi

Ukifika kwa muuza majiko, kitu cha kwanza atakachokusifia ni kuni. Hili linakula vijiti vitatu tu. Hili mzigo mmoja unakupeleka wiki mbili. Msikilize, maana kuni ni pesa, lakini kabla hujatoa chochote mfukoni muulize: moshi wake unatokea wapi? Akikujibu "dirishani", jua unauziwa jiko la kupikia nje, hata kama wewe umekuja kutafuta la ndani.

Swali hilo nililijua kwa kuchelewa. Mama yangu amepikia mafiga huko Sengerema tangu usichana wake, kwenye chumba cha udongo ambacho dari yake imekuwa nyeusi tii. Nilipopata kazi mjini nilimnunulia jiko la kubebeka, zuri, la bei. Kuni zikapungua karibu nusu, na kila mgeni aliyefika alionyeshwa. Kikohozi cha usiku hakikupungua hata kidogo, wala macho hayakuacha kuchuruzika machozi. Mwaka mzima ulipita kabla sijaelewa kwamba nilimnunulia nusu ya jiko, na nusu iliyobaki ni dohani, yaani bomba la moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, ambao zaidi ni moshi wa kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nikisoma hesabu hiyo nasikia kikohozi kimoja tu ninachokijua.

Kwa hiyo majiko yafuatayo nimeyapanga kwa kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: yanatoa moshi nje ya chumba, au hayatoi. Kuokoa kuni ni kipimo cha pili, uimara cha tatu, bei cha nne.

Kama una uwezo wa gesi au umeme kwa mapishi yote, endelea navyo, huna haja ya kusoma zaidi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishakatazwa kuni na mkaa, hivyo mwenye shule au bweni asinunue lolote katika majiko haya. Nazungumza na familia ya Kishiri, Buhongwa, Buswelu, Misungwi au Ukerewe ambayo mtungi wake wa gesi ni wa chai na mboga, lakini maharage, makande na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) bado vinachemka kwa kuni.

Nafasi ya kwanza: jiko la kujengwa, mashimo mawili, lenye dohani

Hili ndilo nililomjengea mama mara ya pili, na ndilo ningelichagua tena. Moto unawaka chini ya shimo la mbele. Joto halipandi likapotea, bali linapita kwenye njia nyembamba chini ya shimo la pili, kisha linaingia bombani. Sufuria hazikai juu ya jiko, zinazama ndani ya mashimo hadi karibu na masikio, kwa hiyo moto unazilamba chini na ubavuni. Mwanza hatuna baridi ya kutaka moto sebuleni; joto lote tunalolilipia liingie sufuriani.

Kuna faida moja ambayo wauzaji hawaitaji, labda kwa sababu hawasongi ugali. Sufuria iliyozama kwenye shimo haitembei. Unasonga ugali wa watu kumi kwa mikono miwili, mwiko unazama mpaka chini, na jiko halitikisiki. Majiko ya kubebeka mengi yanashindwa hapo hapo: mtoto anaitwa kushikilia sufuria kwa kitambaa, karibu na moto, na hapo ndipo watoto wanapoungua.

Shimo la pili ni la moto wa pole: maji ya kuoga, maharage yanayomalizikia, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa). Likiwa tupu lazima lifunikwe, la sivyo moshi wote unatokea hapo. Mwambie fundi akutengenezee kifuniko cha chuma siku hiyo hiyo, asikuahidi.

Udhaifu wake ni kwamba udongo mwingi unachelewa kupata moto. Kwa kikombe kimoja cha chai ni hasara. Halafu mashimo yanachongwa kwa sufuria zako mwenyewe, kwa hiyo mpe fundi sufuria zenyewe azipime, maana namba ya kukisia humwachia mwanya mpana ambao moshi hupitia.

Bei usiikubali kwa jumla. Mwambie fundi akutajie vitu kimoja kimoja: matofali ya kuchoma, kwangu yalikwenda kama 80; udongo wa kichuguu na mchanga; pumba za mpunga au maranda ya mbao; bomba; kofia ya bomba; kisha ufundi. Udongo na pumba huku kwetu mara nyingi ni gharama ya kubeba tu. Pumba hazichanganywi kwa ajili ya kujaza. Zinaungua ndani ya udongo na kuacha vitundu vya hewa vinavyozuia joto lisinyonywe na kuta, kwa hiyo mchanganyiko huo ndio unaotakiwa kuzunguka chumba cha moto. Fundi akitaka kupiga saruji ndani ya chumba cha moto, mkatalie. Saruji hupasuka kwa moto mkali. Ipakwe nje tu, kwa usafi.

Nafasi ya pili: jiko la chuma lenye bomba

Mpangaji anunue hili. Unahama nalo, na likifungwa vizuri linatoa moshi nje sawasawa na la kujengwa. Kitu cha kukagua ni unene. Gonga chumba cha moto kwa kucha au kwa ufunguo: bati jepesi linalia kama debe, chuma kizito kinalia kwa sauti nene. Tafuta chuma cha milimita 3 au zaidi pale moto unapogusa. Bati la kawaida linaliwa na moto na kutoboka mapema, na tundu likishatokea nyuma utaligundua kwa kukohoa. Angalia pia kama shingo ya bomba imechomelewa kuzunguka pote au imeshikizwa kwa nukta mbili tu.

Kuta zake zinaunguza. Kama una mtoto anayetambaa, litengewe uzio wa matofali pande tatu. Na kabla ya kulipa, sukuma sufuria juu yake kama unavyosonga. Likitikisika dukani, nyumbani litaanguka.

Nafasi ya tatu: jiko la roketi lisilo na bomba

Umbo lake ni kama herufi L: kuni zinaingia kwa ubavu, moto unapanda kwenye mfereji uliozungushiwa kizuia joto. Mhandisi Larry Winiarski wa Marekani alilibuni miaka ya 1980, na tangu hapo limeigwa katika nchi nyingi. Linaokoa kuni kweli. Mafiga matatu yanapeleka sufuriani kama asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Roketi lililotengenezwa vizuri hufika mara mbili ya hapo. Moshi wake pia ni mchache, kwa sababu gesi za kuni zinaungua kabla hazijatoka.

Lakini mchache si sifuri, na hauna njia ya kutokea. Kwa hiyo ni jiko la uwanjani au la kibanda kilicho wazi pande mbili. Anayekaanga sato kando ya mwalo atalipenda, mradi aliwekee kinga ya upepo. Ndani ya chumba chenye dirisha moja, hapana. Hili ndilo nililomnunulia mama mara ya kwanza.

Nafasi ya nne: jiko la mkaa lenye udongo ndani

Kila nyumba inalo, sitalieleza sana. Nimeliweka chini kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye tanuru la kienyeji kilo moja ya mkaa inaweza kumeza kilo 6 hadi 10 za kuni, kwa hiyo miti unayodhani umeiokoa ilishaungua porini. Ya pili ni kubwa zaidi: mkaa hauna moshi wa kuonekana lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Wakati wa mvua za masika wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani kukaushia nepi au kumpasha joto mtoto mchanga. Tafadhali, usifanye hivyo hata kwa nusu saa, hata mlango ukiwa wazi kidogo.

Dohani ndiyo kazi yenyewe

Fundi wangu wa kwanza aliniambia, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "dohani ni urembo, toboa tundu ukutani moshi utajitoa." Moshi haujitoi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na bomba refu lililosimama wima linaivuta kwa nguvu; tundu la ukutani linategemea huruma ya upepo.

Bomba la jiko la nyumbani liwe na kipenyo cha sentimita 10 hivi. Urefu wake, kuanzia jikoni hadi kileleni, hautapungua mita 3, na kwa nyumba nyingi utakaribia 4. Mita ya kwanza iwe ya chuma cheusi. Bati lenye zinki lianze juu ya hapo, moshi ukishapoa, kwa sababu zinki ikichomwa sana hutoa mvuke wenye sumu. Bomba la plastiki la majitaka litayeyuka. Bomba kuukuu la asbesto usiliguse, hata ukipewa bure.

Lipande wima. Likilazimika kukwepa kitu, lipinde kwa ulalo, tena mara mbili tu. Kona ya mraba hukusanya masizi na kurudisha moshi. Chini kabisa liachiwe kidirisha cha kusafishia.

Pale linapopita kwenye paa ndipo nyumba zinapoungua. Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 mbali na mbao za paa, yaani kenchi na papi, au silingi bodi. Kama nafasi haipo, litengenezewe koti la bati pana kuliko bomba, na katikati pabaki hewa. Juu ya tundu la paa livikwe sketi ya bati inayoingia chini ya bati la upande wa kilele na kutokea juu ya bati la upande wa chini, ili maji yateremke bila kuingia. Silikoni peke yake haitamaliza masika moja.

Bomba litokeze walau sentimita 90 juu ya paa, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka lilipo. Kwa mji wa tambarare hiyo ingetosha. Lakini nyumba za Igogo, Mabatini na Bugando zimejishikiza mlimani katikati ya mawe, na paa lako linaweza kuwa usawa wa dirisha la jirani wa juu. Tena upepo wetu una zamu: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Ukiwa chini ya jabali kubwa, upepo unaopita juu yake unaweza kushuka na kuurudisha moshi bombani. Kwa hiyo kabla bati halijakatwa, simama uwanjani jioni mbili tatu, saa ya kupika, utazame moshi wa majirani unaelekea wapi. Kisha kamwone jirani wa juu umweleze. Mimi nilisogeza bomba karibu mita mbili baada ya mazungumzo hayo, na tunasalimiana vizuri.

Dirisha la jikoni libaki. Moto unaovuta hewa kwenda juu lazima upate hewa nyingine ya kuingia.

Kuni zenyewe

Jiko bora likilishwa kuni mbichi litafuka tu. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Unaotakiwa ni wenye maji chini ya asilimia 20. Pasua, panga juu ya mawe isiguse udongo, funika juu uache pembeni wazi. Iliyokauka ina nyufa mwishoni na ukiigonganisha inalia kwa ukali. Mkaratusi uliopasuliwa na kukaa kiangazi kizima unafaa sana. Msonobari una utomvu, na usipokauka vizuri hujaza masizi bombani. Minyaa ya uani usiichome, utomvu wake huumiza macho. Mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa na mifuko ya plastiki haviingii jikoni.

Kila mwezi zoa masizi: funga kipande cha gunia kwenye kamba yenye jiwe, ukishushe kutoka juu, upokee uchafu kwenye kidirisha cha chini. Kabla ya masika, kagua kofia na sketi ya bati.

Kuhusu malipo, mbakishie fundi sehemu ya fedha yake mpaka udongo ukauke kabisa, wiki mbili au tatu. Akirudi, sogeza karatasi inayowaka kwenye mdomo wa jiko. Mwali ukilalia ndani, bomba linavuta. Ukisimama au ukilalia kwako, choma karatasi kavu chini ya bomba lipate moto, ujaribu tena. Kisha bandika michembe, keti humo jikoni na fundi mpaka iive. Macho yenu yakibaki makavu, mlipe.