Mashine ya kukunja springi: kamu, stepa au servo? Uzoefu wangu

Karakana yetu iko Unga Limited, Arusha. Tunakunja springi za klachi za pikipiki na za vali za pampu za maji. Kwa miaka mingi tulikuwa na mashine moja tu, ya kamu, yaani kipande cha chuma kinachozunguka na kusukuma vifaa vya kukunjia kwa umbo lake. Ukitaka springi ndefu zaidi unabadili gia. Ukitaka nafasi kati ya mizunguko ipanuke, unafungua kamu na kuipiga tupa. Nusu siku imekwisha, na mteja anataka springi 80 tu.

Miaka minne iliyopita nikaamua kutafuta ya kompyuta. Muuzaji wa kwanza alinisukumia yenye mota za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua, bei chee. Bahati nzuri nilienda na waya wangu wa milimita 3 kuijaribu. Springi za kwanza zilitoka safi, kisha waya ukakaza kwenye roleri, mota ikaruka hatua, na mashine yenyewe haina habari. Skrini inasema milimita 60, kipimo changu cha vernia kinasoma 57! Stepa ile inatoa amri tu, hairudi kuuliza kama kazi imefanyika. Mota ya servo ina enkoda mgongoni, yaani kihisi kinachopima imezunguka kiasi gani. Isipofika ilikotumwa, inasimama na kupiga alamu. Nikajikamua, nikachukua servo.

Sasa kuhama kutoka springi moja kwenda nyingine ni kama dakika 20, nyingi zikiishia kwenye kupanga pini za kukunjia.

Ila servo haimfundishi waya adabu. Kila rola jipya la waya lina ukaidi wake wa kurudi nyuma baada ya kukunjwa. Nakata springi tano, napima, nazitia kwenye tanuri nyuzi 250, napima tena, maana zikitoka humo kipenyo kimepungua kidogo. Ndipo naandika namba kwenye skrini.

Kilichonikera ni betri. Enkoda zangu zina betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, na aliyeniuzia hakunitajia. Januari tuliporudi kutoka sikukuu, mashine ilikuwa imesahau sifuri yake, yaani pale inapoanzia kuhesabu, na alamu zote kwa Kichina. Kuitafuta upya kulikula siku nzima. Betri hiyo badilisha mashine ikiwa imewashwa, usizime kwanza.

Ya kamu bado ninayo. Ikija oda ya maelfu ya springi za aina moja, huwa naiwashia hiyo, servo ibaki na vioda vidogo.