Tathmini ya seti ya kutengenezea plastiki ya nyuzi za kaboni

Ndani ya sanduku mna mita mbili za mraba za kitambaa cha nyuzi za kaboni, kilo moja ya resini ya epoksi (kimiminika kinachoganda kuwa plastiki) pamoja na kigumishi chake, yaani kimiminika cha kuigandisha, pampu ndogo ya ombwe yenye geji, nailoni ya mfuko, utepe wa kuzibia, mirija na karatasi moja ya maelekezo. Kwa vifaa hivyo nimetengeneza vibao vitatu vya sentimita 50 kwa 40, kila kimoja cha tabaka tatu, na cha kwanza nilikitupa.

Kitambaa sikukiona na kasoro. Kimefumwa kwa msuko wa mshazari, na kila fungu lina nyuzi 3,000, kila uzi ukiwa na unene wa mikroni 7 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Anayeshangaa bei yake akumbuke kinakotoka: nyuzi za poliakrilonitrili, aina ya plastiki, huokwa kwanza hewani kwa joto la sentigredi 200 hadi 300, kisha hupitishwa katika tanuri lisilo na oksijeni, kwenye joto linalozidi sentigredi 1,000, ambamo karibu kila kisicho kaboni huondoka na uzito kubaki kama nusu. Kabla ya kukata, bandika utepe wa karatasi mahali mkasi utakapopita, la sivyo kingo zitafumuka mikononi mwako.

Resini nayo ni nzuri, ila kikombe cha kupimia kilichomo hakifai, kwa sababu uwiano ulioandikwa, 100 kwa 30, ni wa uzito wala si wa ujazo. Tumia mizani. Wala usiongeze kigumishi ukidhani kitaharakisha kazi, kwani katika epoksi kigumishi ni sehemu ya plastiki yenyewe, na kikizidi hukosa cha kuungana nacho na kuacha kibao kikiwa laini.

Kasoro kubwa iko kwenye utepe wa kuzibia. Tabaka za kitambaa hufunikwa kwa nailoni, ambayo kingo zake huzibwa kwa utepe huo ili iwe mfuko. Pampu inapotoa hewa mfukoni, hewa ya nje hukandamiza kibao kwa nguvu inayokaribia tani mbili kwa eneo nililotaja, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayoisukuma resini kutoka kwenye ndoo, ipite kwenye mrija na kulowanisha tabaka zote. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuharibu yote. Utepe huu ni mkavu, haushiki vizuri penye mikunjo ya nailoni, na kwenye kona moja ya kibao cha kwanza hewa ilipenya ikaacha mstari wa viputo vyeupe uliofika katikati. Maelekezo hayasemi lolote kuhusu kupima uvujaji, jambo ninaloliona ni uzembe: kabla ya kuchanganya resini, bana mrija, zima pampu, uangalie geji kwa nusu saa, na mshale ukisogea tafuta tundu kwanza. Kwa vibao viwili vilivyofuata nilinunua utepe mwingine, na havikuwa na kiputo hata kimoja.

Picha ya ndege iliyochapwa juu ya sanduku imetia chumvi. Vipande vikubwa vya ndege kama Boeing 787 hutengenezwa kwa nyuzi zilizokwisha kulowanishwa resini kiwandani, zikahifadhiwa kwenye baridi kali, kisha zikaokwa ndani ya chombo chenye mgandamizo unaoshinda ule wa hewa mara kadhaa. Kibao kilichokauka kwa joto la chumbani hulegea kikipata joto kali, kwa hiyo kisiwekwe karibu na injini.

Glavu zimo jozi moja tu, na barakoa haimo kabisa. Epoksi mbichi inaweza kuiletea ngozi mzio usioisha, na vumbi la kaboni wakati wa kupiga msasa hupitisha umeme, hivyo kompyuta iwe chumba kingine. Seti hii nitainunua tena kwa ajili ya kitambaa na resini. Utepe wake nitaufungia maboksi.