Apatimenti ya Sinza: LUKU yangu ilikuwa inasukuma maji ya jengo zima

Nilikuwa msibani Morogoro, siku ya pili, simu ikaita, kuangalia ni msimamizi wa jengo ninapopanga. "Dada pole na msiba, samahani kukusumbua, LUKU yako imeisha huku, nunua japo ya elfu kumi nikuingizie." Mita zetu zote ziko chini ukutani karibu na geti kwa hiyo nikanunua umeme palepale kwenye simu, nikamtumia zile namba ishirini, akaziingiza, akanijibu tayari dada. Na mimi nikamshukuru. Nikamwambia dada yangu tuliyekaa naye kwenye mkeka, unaona, huyu mtu kanikumbuka hadi nyama yangu ya kwenye friji, majirani wa hivi wako wapi siku hizi. Niliporudi Dar nilimpelekea na mkungu wa ndizi.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, na hela yenyewe si ndogo.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nakaa Kivule, chumba na sebule, naamka saa kumi na nusu usiku ili saa mbili niwe Posta, na jioni nafika nyumbani watu wameshalala. Miaka mitatu hivyo. Nikajibana, nikacheza vikoba, nikapata hela ya kuhamia mjini. Dalali akanionyesha nyumba tano sita, kila kuonyeshwa ni hela, mwisho akanileta hapa Sinza, vyumba viwili, ghorofa ya tatu juu kabisa, laki tano na nusu kwa mwezi. Jirani zangu wanalipa laki sita kwa nyumba zinazofanana na yangu, nikamuuliza dalali mbona hii imeshuka, akasema mwenye nyumba anataka mpangaji mstaarabu, mtulivu, siyo mtu wa makelele. Nikaona huyo ni mimi. Nikalipa miezi sita kwa mpigo, milioni tatu na laki tatu, na dalali mwezi mmoja wake, laki tano na nusu nyingine. Ukijumlisha ni karibu milioni nne zimetoka mkononi mwangu kabla sijalala hata usiku mmoja, hapo sijahesabu kirikuu ya kuhamisha vyombo.

Nyumba yenyewe nzuri, siwezi kusema uongo. Upepo unapita sebuleni hadi chumbani, feni siwashi, kutembea hadi kituo cha mwendokasi Shekilango hata robo saa haifiki, jiko lina nafasi, choo cha ndani. Wiki za mwanzo nilikuwa nasimama tu kwenye kibaraza jioni naangalia taa nasema Mungu asante.

Sasa LUKU. Kivule nilikuwa natumia yuniti hamsini kwa mwezi, napika na gesi, friji dogo, tivii na pasi mara moja moja. Nilikuwa kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, wasiovuka yuniti 75 kwa mwezi, elfu kumi ilikuwa inanipa yuniti zaidi ya sabini, naweza kusahau kama kuna kununua umeme. Hapa Sinza elfu kumi ni yuniti 28 tu. Nikajua ndiyo mjini. Zikaisha baada ya siku nne tano. Nikanunua tena, zikaisha. Mara ya kwanza nikadhani ni kodi ya jengo, maana tangu 2021 inakatwa humuhumu kwenye LUKU, jengo la mwenye nyumba ila anayenunua LUKU ni mimi, hilo nalo lina mjadala wake ila nilishalikubali. Lakini kodi ya jengo inakatwa mara moja kwa mwezi, haiwezi kula yuniti kila siku. Nikaanza kulaumu friji. Nikawa nalizima usiku. Nikaacha kupasi nguo, naenda kazini na blauzi imejikunja mimi, mtu ninayefanya kazi ya kupokea wageni ofisini! Zikaendelea kuisha vilevile.

Na kila zikiisha, simu. Dada LUKU. Dada ongeza LUKU. Hata saa kumi na moja alfajiri aliwahi kunipigia. Nami naongeza, nasema asante kaka.

Aliyenifumbua macho ni dada wa ghorofa ya pili, tulikuwa tunaanika nguo juu ya paa, nikawa namsifia msimamizi kwamba anatukumbusha LUKU. Akaniangalia. Akasema mimi yangu iliisha nikiwa Dodoma siku mbili nzima, samaki wa elfu arobaini wakaoza wote, hakuna mtu aliyenipigia. Tukanyamaza. Afu akasema, lakini hata yule aliyekuwa anakaa kwako alikuwa analalamika umeme, alihama kodi yake haijaisha.

Usiku ule nilizima kila kitu. Siyo taa tu, nilizima mein switchi ya ndani kabisa, nyumba giza, friji limekaa wazi na kitambaa chini. Saa nne usiku nikashuka kusoma mita, 31.6. Nikapanda kulala lakini usingizi haukuja. Kama saa nane nikasikia mota inaunguruma chini. Kwetu maji ya bomba yanatoka usiku, yanaingia kwenye tanki la chini, afu mota inayapandisha kwenye simtanki juu ya paa, na hayo ndiyo tunatumia wote mchana, nyumba sita pamoja na saluni ya pale mbele. Nikashuka na tochi ya simu. Nyumba yangu yote imezimwa lakini ile taa nyekundu kwenye mita yangu inapepesa mbiombio kama nimewasha pasi tatu. Za wenzangu zinapepesa moja moja taratibu. Nikakaa pale kwenye ngazi hadi mota ikazimika, na taa yangu nayo ikatulia. Saa kumi na mbili asubuhi, 27.9.

Yuniti tatu na pointi saba usiku mmoja na sijawasha hata balbu.

Nikaita fundi umeme wa kwangu, siyo wa kwao, akafuatilia waya dakika kumi tu, akaniambia dada, waya wa mota umeungwa kwenye laini yako hapa chini kabla haijapanda kwako, na siyo wa leo wala jana, ona tepu ilivyozeeka. Ndipo nikaelewa zile simu zote. LUKU yangu ikiisha mota haiwaki, mota isipowaka jengo zima halina maji, kwa hiyo lazima dada wa ghorofa ya tatu aongeze, hata kama yuko msibani anamzika mjomba wake. Na kingine, mita inakuwa kwenye bei kubwa kwa sababu inavuka yuniti 75, na inavuka kwa sababu ya mota! Kwa hiyo hata zile yuniti hamsini zangu mwenyewe nilizilipia kwa bei ambayo kwa matumizi yangu sistahili. Nimepiga hesabu kwenye daftari, ya mota peke yake ni yuniti kama 111 kwa mwezi, karibu elfu arobaini. Kwa miezi mitatu na nusu ni karibu laki na arobaini. Watu wanasomesha watoto kwa hela hiyo.

Nikamfuata msimamizi kwa adabu kabisa, nikamwita pembeni. Yeye hakutaka pembeni. Akapandisha sauti palepale getini, dada wa saluni wapo na wateja wao, watoto wanatoka shule, akasema: "Dada hapa mjini, maisha ya apatimenti yana gharama zake, kama huyawezi rudi Kivule."

Rudi Kivule. Sikuwahi kumwambia natokea Kivule, nilimwambia dalali tu siku ile ya kwanza. Ina maana walikaa wakaongea, huyu anatoka Kivule, hajawahi kukaa ghorofani, hatajua, mpe ile. Nilikuwa nashangaa bei kushuka. Sikushushiwa chochote, ule upungufu wa elfu hamsini nilikuwa naulipa kwa njia ya umeme!

Nilipanda juu nikalia, nasema ukweli. Kivule nilikaa miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kuniibia hata ndoo.

Mwenye nyumba nilimpigia jioni. Shikamoo baba, marahaba binti yangu, nikamweleza yote polepole. Akanisikiliza, akasema binti yangu, soma mkataba wako, mpangaji atalipia umeme. Nikaufungua nikiwa naye kwenye simu. Nikamsomea, baba, imeandikwa mpangaji atalipia umeme WAKE. Akasema sasa hayo maji si na wewe unakunywa, mnasaidiana, jengo ni moja. Nikamwambia baba kama tunasaidiana mbona nasaidia peke yangu, akasema yuko kwenye kikao.

Mdogo wangu anayesoma sheria alinieleza kwamba zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, lakini ilifutwa 2005, kwa hiyo siku hizi kimbilio lako la kwanza ni kile ulichosaini. Mimi nilikuwa nasaini huku dalali ananihimiza kuna mtu mwingine anakuja na hela saa tisa. Bahati lile neno "wake" lilikuwepo. Nikabeba mkataba, daftari langu na picha za mita nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo lazima niseme, nilisikilizwa. Mwenyekiti alimpigia mwenye nyumba mbele yangu, hakugomba, alimwambia tu mzee toa ule waya kabla huyu binti hajaenda Baraza la Ardhi na Nyumba. Wiki ileile waya ukatolewa. Mota sasa ina mita yake na kila nyumba inachangia.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msipange kabisa kwenye haya majengo ya msimamizi na geti. Nimefuta. Kwa sababu tangu waya utolewe elfu kumi inanipeleka hadi siku kumi na tano na zaidi, upepo uko palepale, kazini nafika mapema, na dada wa ghorofa ya pili amekuwa ndugu. Nyumba ningeipa nyota nne. Lakini nikishuka kila asubuhi yule mtu amekaa getini na ananisalimia "dada mambo" kama hakuna kilichotokea, ndizi zangu alikula, na nyota zote zinaisha. Basi iwe moja. Moja kwa ajili ya kibaraza.

Kabla hujalipa hiyo miezi yako sita, mwambie dalali azime mein switchi ya ndani afu mshuke wote mkaangalie mita, na siyo mchana, nenda usiku mota ikiwa inaunguruma. Akikwambia haiwezekani kwenda usiku, muulize kwa nini.

Laki na arobaini yangu sijarudishiwa. Mwenye nyumba kasema atanifikiria nikilipa miezi sita mingine. Miezi yangu inaisha hivi karibuni na mwezi huu nimeshapigiwa mara mbili kuulizwa kama naendelea, mara zote na msimamizi, na mara zote nimemwambia nataka kusikia sauti ya mwenye nyumba mwenyewe, na nataka kwanza nisikie kuhusu hela yangu, na kuhusu Kivule.