Uzoefu wangu na mastaringi ya kutuma mtandaoni: nyimbo 4, studio moja

Nimetuma nyimbo 4 kwenye studio inayofanya mastaringi (umaliziaji wa sauti ya wimbo baada ya kumiksi) kwa kutumiana mafaili, zote zimetengenezwa kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Masikio wanayo, fomu yao ina kasoro, na ule wimbo mmoja uliorudi vibaya ulikuwa umekwenda vibaya.

Tuanze na limita, plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) inayozuia sauti isivuke kiwango fulani, maana ndiko wengi tunakochemkia. Ukifungua projekti mpya ya FL Studio kwa templeti ya kawaida, Fruity Limiter inakuwa imeshakaa kwenye chaneli ya Master, inakopita sauti yote ya wimbo. Hukuiweka wewe, kwa hiyo huikumbuki. Unamiksi wee, unatoa faili, na mawimbi yote yamekatwa vichwa kama ua wa michongoma uliopitiwa na panga. Injinia akilipokea hilo hana pa kushika: akisukuma sauti, kiki (ya ngoma, siyo ya mjini) inakwaruza; akishusha, anapata kitu kilekile kikiwa na sauti ndogo. Na usidhani utapona kwa kushusha fada ya Master, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Fada iko baada ya limita, uharibifu umeshafanyika. Zima limita kwanza, ndipo uangalie mita. Vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa kuliko zote, vikicheza desibeli 3 hadi 6 chini ya sifuri, tuma. Vikivuka sifuri na hakuna plagini yoyote kwenye Master, hapo sasa kushusha fada kunafaa.

Kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ni habari nyingine. Kama iko Master tangu ulipoanza kumiksi, ukiitoa dakika ya mwisho vokali na biti vinahama mahali pake. Iache. Studio hii inapokea mafaili 2 kwa kila wimbo: moja bila limita, la kufanyia kazi, na lingine lenye limita, ili wajue msanii amezoea kusikia nini. Hili nawapa alama zote, kwa sababu msanii akizoea toleo la kelele, mastaringi nzuri huiona imepoa.

Kutoa faili: WAV, 24-bit au 32-bit float, dithering (kelele ndogo inayoongezwa faili linapopunguzwa bit) imezimwa. Wanaotumia programu ya Logic, Normalize (inayopandisha sauti yenyewe) iwe Off. Kwenye FL Studio, Tail (mkia wa sauti mwishoni mwa wimbo) iwekwe Leave remainder. Ukiacha Cut remainder, mwangwi wa neno la mwisho unakatika kama umeme wa mgao, na hakuna injinia wa kuurudisha. Kisha sikiliza faili lenyewe mwanzo hadi mwisho kwa hedifoni, siyo projekti. Plagini fulani huamua kutoa mlio wa ajabu wakati wa kutoa faili tu.

Fomu yao inadai 44.1 kHz (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, kwa maelfu) kwa kila wimbo. Hapo hawajakaa sawa. Projekti ikiwa ya 48, tuma 48. Kubadilisha ni hatua ya mwisho, na wao ndio wenye zana za kuifanya vizuri. Niliandika hivyo kwenye sehemu ya maelezo wakakubali bila ubishi. Sasa si wairekebishe fomu?

Biti la kununua mtandaoni likiwa MP3, kulitoa upya kama WAV hakuongezi kitu. Ni MP3 iliyovaa suti, na mastaringi itazianika haihati zake (visahani vya ngoma) zinazotoa mlio kama mafuta ya kukaangia. Mwombe prodyuza WAV.

Kuhusu bando: dakika 4 za stereo kwa 24-bit na 48 kHz ni kama MB 69. Faili lako la dakika 4 likiwa na MB 9, jua umetoa MP3. WhatsApp itumike kwa njia ya Document pekee. Ukitumia Google Drive, fungua ruhusa ili yeyote mwenye linki apakue, vinginevyo injinia anaomba ruhusa saa 5 usiku nawe umelala, siku imepotea. Jina la faili liwe na msanii, wimbo na toleo. “Final final mpya 2” haimsaidii mtu.

Marekebisho ya kwanza ni bure, ya pili unalipia, kwa hiyo andika kwa dakika na sekunde. “1:12, herufi s inachoma” ilifanyiwa kazi siku hiyohiyo. “Iongezeeni ladha” ingeniletea swali. Kwa wimbo ule wenye limita waliandika wazi kwamba hawawezi kuuokoa, wakaomba faili jipya. Ila waligundua baada ya kumaliza kazi, siyo walipopokea, na marekebisho yangu ya bure yakaishia hapo. Kuangalia mawimbi kabla ya kuanza ni jambo la dakika moja. Hilo limenikera.

Walichorudisha ni WAV ya 24-bit, WAV ya 16-bit kwa 44.1 kHz na MP3 ya 320. Vilele halisi vimeishia -1 dBTP (desibeli 1 chini ya sifuri), ujazo wa sauti karibu -9 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima: ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi. Spotify kwa kawaida hulenga -14, kwa hiyo itaushusha wimbo desibeli 5 hivi. Kwa ngoma za kuchezeka naona hiyo inavumilika, ila wimbo wa gitaa na sauti niliomba -12 na ukapumua vizuri zaidi. Toleo la biti tupu linalipiwa pembeni, kwa hiyo litume siku hiyohiyo, lianzie sekunde ileile na wimbo wenyewe, ili lipite kwenye mipangilio ileile.